Mfuko wa Mbolea Uje Mwisho: Faida na Hasara za Kilimo cha Kisasa katika Vilima vya Gitega na Muyinga

Kila mwaka, mvua za Septemba zinapokaribia, askari wengi wa jeshi na polisi hupeleka nyumbani sehemu ya mshahara wao ili wake zao, wazazi wao na ndugu zao wapate kununua mbegu na mbolea. Fedha hiyo imepatikana kwa lindo la usiku na kwa kukaa mbali na watoto. Wako pia waliotumikia Somalia kati ya mwaka 2007 na 2024, wakarudi na akiba, na wako waliopokonywa sare na kupewa jembe wakati wa kupunguza majeshi kuanzia mwaka 2004. Wote hao wana swali moja la kujiuliza kabla fedha haijatoka mfukoni: je, itarudi ikiwa chakula, au itateremka na maji ya mvua hadi mtoni na kuacha deni nyuma yake?

Swali hilo ni la kila familia, na ni la taifa zima pia. Hesabu ya watu ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba Burundi ilikuwa na wakazi milioni 8 na kidogo. Hesabu ya mwaka 2024 imeonyesha kwamba tumepita milioni 12. Nchi ni ile ile ya kilomita za mraba 27,834, nayo haikuongezeka hata hatua moja. Leo tuna zaidi ya watu 400 kwa kila kilomita ya mraba, na familia nyingi za vijijini hulima eneo lisilofikia nusu hekta. Mababu zetu waliweza kupumzisha shamba lililochoka na kuhamia jingine. Sisi hatuna pengine pa kuhamia. Chakula cha ziada hapana budi kitoke katika shamba lile lile.

Ndiyo maana tunasema tangu mwanzo kwamba kilimo cha kisasa ni cha lazima kwetu. Lakini tunasema pia kwamba kilimo hicho ni mwili wenye viungo vingi. Mtu akinunua kiungo kimoja na kuviacha vingine, hasara humrudia haraka. Katika vilima vya Gitega, mji mkuu wa siasa wa nchi yetu tangu mwaka 2019, na katika vilima vya Muyinga, ambayo tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2025 imo katika mkoa wa Buhumuza, kosa lililo la kawaida kuliko yote ni kuanza na mfuko wa mbolea ya chumvichumvi. Mfuko huo una nafasi yake, nayo ni karibu na mwisho wa safari.

MAVUNO YALIYOONGEZEKA KWELI

Tusije tukadhaniwa kuwa tunaubeza utaalamu. Mwaka 1966 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, iliyoko Ufilipino, ilitoa mbegu ya mpunga iitwayo IR8, yenye bua fupi lisiloanguka kwa uzito wa suke. Nchini India, mavuno ya ngano yalikuwa kiasi cha tani milioni 12 mwaka 1965. Miaka mitano baadaye yalifika tani milioni 20. Norman Borlaug, mtaalamu aliyezalisha mbegu fupi za ngano huko Meksiko, alitunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 1970. Mbegu bora, mbolea na maji ya kumwagilia, vikienda pamoja, viliwaepusha mamilioni ya watu na njaa. Hata hivyo India yenyewe imelipa gharama. Katika jimbo la Punjab maji ya chini ya ardhi yamekuwa yakishuka mwaka hadi mwaka, kwa kuwa visima vya pampu huyavuta kwa wingi kuliko mvua inavyoyarudisha.

Hapa kwetu, Taasisi ya Sayansi za Kilimo ya Burundi, ISABU, imefanya kazi ya utafiti tangu mwaka 1962. Mkulima wa Gitega anayo mifano mbele ya macho yake. Maharage yanayopanda mitini, yaliyoenea katika ukanda wetu tangu miaka ya 1980, huweza kutoa mara mbili au tatu ya mavuno ya maharage mafupi katika kipande kile kile, kwa sababu hutumia nafasi ya juu ambayo zamani ilikuwa bure. Mabondeni, kilimo shadidi cha mpunga, kilichobuniwa nchini Madagaska katika miaka ya 1980 na padri Mfaransa Henri de Laulanié, kimeenezwa nchini kwa msaada wa miradi ya Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo, IFAD. Mche hupandwa ungali na umri wa siku 8 hadi 12, mmoja kwa shimo, kwa nafasi ya sentimita 25 hivi, na maji hayaachwi yatuame wakati wote. Mbegu inayotumika ni kidogo, lakini machipukizi ni mengi.

Upande wa mbolea, viongozi wa Afrika waliokutana Abuja mwezi wa Juni 2006 waliazimia kuwafikishia wakulima kilo 50 za virutubisho kwa kila hekta ifikapo mwaka 2015. Katika miaka ya 2012 na 2013 Burundi ilianza mpango wa taifa wa ruzuku ya mbolea, ambao humtaka mkulima alipe kwanza kisha apokee. Tangu mwaka 2019 kiwanda cha FOMI kimekuwa kikitengeneza nchini mbolea zinazochanganya samadi na madini, ambazo majina yake, Imbura, Totahaza na Bagara, sasa yanajulikana hata kwa watoto wa shule.

Hizo ni faida, wala hatuna sababu ya kuzificha. Sasa yafaa tutazame upande wa pili.

UDONGO UNAPOCHACHUKA

Udongo mwingi wa nyanda zetu za juu una asili ya uchachu. Mvua za maelfu ya miaka zimeosha chokaa iliyokuwamo na kuacha chuma na alumini. Uchachu ukizidi, yaani kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5 hivi, alumini iliyokuwa imefungwa katika udongo huyeyuka na kuudhuru mzizi. Mzizi hufupika na kunenepa, ukashindwa kwenda chini kutafuta maji. Zaidi ya hayo, fosforasi iliyomo ndani ya mbolea hunaswa na chuma na alumini, na mmea haupati. Mkulima huona majani ya mahindi yake machanga yamegeuka rangi ya zambarau, naye hudhani kwamba mbolea haikutosha, kumbe mbolea ipo lakini imefungwa.

Hapa ndipo penye mtego. Urea na DAP, zilizotumika nchini kwa miaka mingi, zina naitrojeni ambayo vijidudu vya udongo huigeuza, na katika kugeuzwa huko huacha tindikali. Msimu wa kwanza mavuno hupanda, na mkulima hufurahi. Akiendelea hivyo miaka kadhaa bila samadi na bila chokaa, shamba lake huzidi kuchachuka, na mfuko ule ule humpa mavuno madogo kuliko zamani. Ndipo husikika manung'uniko kwamba mbolea imeua udongo. Kwa kweli mbolea imefanya kazi yake peke yake, bila wenzake.

Tupige hesabu ndogo. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Tani moja ya punje za mahindi huondoa shambani kiasi cha kilo 15. Basi kwa karatasi mfuko mmoja ungetosha kwa tani moja na nusu. Lakini kilimani mambo hayaendi kwa karatasi. Mahali pasipo na makingamaji, mvua kubwa moja ya mwezi wa Aprili huondoka na mbolea pamoja na udongo laini wa juu, ule wenye rutuba kuliko wote. Maji mekundu tunayoyaona katika mito ya Ruvyironza na Ruvubu baada ya mvua ni mashamba ya watu yanayosafiri kuelekea Nile. Wengi wetu tumevuka mito hiyo tukiwa kazini bila kufikiri kwamba ndani yake mna mshahara wa mtu.

MBEGU NA MARADHI

Mbegu chotara ya mahindi huzaa sana katika mwaka wake wa kwanza. Lakini mkulima akichagua masuke mazuri na kuyapanda msimu unaofuata, watoto hawafanani na mama yao, na mavuno hushuka. Inambidi anunue tena kila msimu. Aliyezoea kuhifadhi mbegu chunguni sasa anategemea duka, na duka linategemea barabara, mafuta ya gari na fedha za kigeni. Katika misimu ya karibuni wakulima wengi wamelalamika kwamba mbolea waliyokwisha kuilipia iliwafikia baada ya mbegu kuota. Mbolea ya kupandia inayofika mahindi yakiwa yamefika magotini ni fedha iliyopotea nusu. Hiyo ni hasara ambayo jembe la zamani halikuijua.

Muyinga ina funzo lake katika jambo hili. Utawala wa Wabelgiji uliwalazimisha wananchi kulima mihogo na viazi vitamu ili kuzuia njaa. Amri ilikuwa kali, lakini mihogo iliokoa watu wengi. Kisha, mnamo miaka ya 2002 na 2003, batobato kali ya mihogo iliyotokea upande wa Uganda iliingia kaskazini mashariki mwa nchi yetu. Mashamba ya mihogo yalikauka majani, mvua nazo zikapungua, na mwaka 2005 njaa ikaikumba mikoa ya Kirundo na Muyinga. Wataalamu walileta mihogo inayostahimili batobato, nayo ikaenea na kurudisha chakula mezani. Lakini kabla furaha haijatulia, mwaka 2011 ikaripotiwa maradhi ya michirizi kahawia, yanayoozesha muhogo ndani ya ardhi ilhali majani juu yanaweza kuonekana mazima. Aina nyingi zilizostahimili ugonjwa wa kwanza hazikuweza kuustahimili wa pili. Migomba nayo ilipatwa na mnyauko kuanzia mwaka 2010.

Mbegu bora huzaliwa kwa ajili ya adui anayejulikana, na adui mpya akija huikuta haijajiandaa. Kilima kizima kikipanda aina moja, kilima kizima huanguka siku moja. Askari anaelewa hatari ya kikosi chote kulala katika hema moja.

Jambo hili linawahusu wasomaji wetu kwa njia nyingine pia. Vijiti vya mihogo na machipukizi ya migomba husafirishwa katika malori na juu ya baiskeli, pamoja na maradhi yaliyomo. Polisi aliye katika kizuizi cha barabara, au mpakani Kobero, akiona mzigo wa miche isiyo na hati ya ukaguzi, asidhani ni kitu kidogo. Mzigo huo unaweza kuleta njaa katika tarafa nzima.

MADAWA

Mwaka 2016 mdudu atokaye Amerika, aitwaye kiwavijeshi vamizi, alionekana kwa mara ya kwanza barani Afrika, na mwaka 2017 alikuwa amekwisha kuingia Burundi. Hujificha katika moyo wa mhindi na kuutafuna. Wakulima walikimbilia madawa, na madawa yanayofaa yalisaidia. Lakini katika masoko yetu dawa huuzwa pia katika chupa zisizo na jina, na hupulizwa na mtu aliyevaa kaptura bila kujifunika pua, wakati wa jua kali, dhidi ya upepo. Nyuki hufa, na nyuki ndio wachavushaji wa mimea yetu mingi. Chupa tupu huoshwa mtoni na kutumika kubebea maji ya kunywa. Hapo ndipo dawa iliyonunuliwa kuua mdudu huanza kumdhuru mtoto.

Njia nyepesi zipo. Kupita shambani mara mbili kwa juma na kuponda mayai na viwavi kwa mkono, kupanda mapema, na kutia mchanga au majivu katika moyo wa mmea, ni kazi zinazowezekana katika shamba la nusu hekta. Dawa itumike zinaposhindwa hizo, kwa kipimo kilichoandikwa, na mtu aliyejikinga.

MABONDENI

Mabonde yetu ndiyo akiba ya nchi wakati wa kiangazi, katika msimu tuuitao C. Kuyatengeneza kwa mifereji na kulima mpunga kumeongeza chakula. Lakini maji yaliyotuama hualika mbu. Mwishoni mwa mwaka 2000 hadi mwaka 2001 malaria ililipuka katika mikoa ya nyanda za juu, mahali ambapo watu wengi hawakuwa wameizoea, na wagonjwa walihesabiwa kwa mamilioni. Sababu zilikuwa nyingi, mvua na joto, vita na uhaba wa dawa, lakini watafiti walitaja pia mashamba ya mpunga na mabwawa ya samaki mabondeni. Hatusemi mpunga uachwe. Tunasema kwamba mfereji usafishwe, maji yakaushwe kwa zamu kama kilimo shadidi kinavyotaka, na chandarua kiwe sehemu ya zana za kilimo kama lilivyo jembe.

Hata maharage yale yanayopanda mitini yana gharama yake. Hekta moja huhitaji makumi ya maelfu ya vijiti. Asiyepanda miti yake mwenyewe atakata ya mwenzake, au ya hifadhi, na kilima kikibaki uchi maji hukimbia zaidi. Mpango wa taifa wa kupanda miti wa Ewe Burundi Urambaye, ulioanza mwaka 2018, na kazi za pamoja za Jumamosi ambazo askari wamezishiriki bega kwa bega na wananchi, ni sehemu ya kilimo cha kisasa sawasawa na mfuko wa mbolea.

MAVUNO YASIYO NA GHALA

Mavuno yakiongezeka, ghala nalo halina budi kuongezeka. Mahindi yanayovunwa mvua ikinyesha na kurundikwa mabichi huota kuvu, na kuvu huzaa sumu isiyoonekana wala kunusika, iitwayo sumukuvu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, mahindi ya namna hiyo yaliwapata watu 317, na kati yao 125 walifariki. Hawakufa kwa njaa. Walikufa kwa chakula walichokivuna wenyewe. Punje zikaushwe juu ya turubai, si juu ya udongo, mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 13 hivi, kisha zihifadhiwe katika mifuko isiyopitisha hewa.

Ghala lina faida nyingine ya fedha. Aliyekopa ili anunue mbolea hulazimika kuuza mwezi wa Februari, wakati kila mtu anauza na bei iko chini. Mwezi wa Novemba hununua mahindi yale yale kwa bei ya juu. Huyo amelima kisasa na bado analala njaa.

UTARATIBU TUNAOUSHAURI

Kutokana na hayo tuliyoyaeleza, tunaona kwamba fedha ya askari iendayo kilimani ifuate utaratibu huu.

Kwanza, makingamaji. Mifereji ichimbwe kwa kufuata usawa wa kilima, na juu ya matuta yake zipandwe nyasi za malisho. Kazi hii hutaka jasho zaidi kuliko fedha, nayo huushika udongo mahali pake.

Pili, samadi na mboji. Sheria ya tarehe 4 Oktoba 2018 iliagiza mifugo ifugwe zizini na isizurure, na ilitoa muda wa miaka mitatu wa kujitayarisha. Polisi wanaijua sheria hiyo kwa upande wa mifugo inayokamatwa na faini zinazotozwa. Wafahamu pia upande wake wa shamba: ng'ombe aliye zizini hukusanya samadi mahali pamoja, tani kadhaa kwa mwaka, badala ya kuitawanya njiani. Ugumu wake nao tuutaje. Majani na maji hubebwa kichwani, mara nyingi na akina mama na watoto, na asiye na mahali pa kupanda malisho huona mzigo kuwa mkubwa. Nyasi za makingamaji ndizo zinazompunguzia. Mbuzi wawili au sungura kadhaa ni mwanzo mzuri kwa asiyeweza kumlisha ng'ombe.

Tatu, chokaa ya kilimo. Bwana shamba aulizwe kama udongo umechachuka, na ukiwa umechachuka chokaa itangulie mbolea.

Nne, mbegu bora, za aina zaidi ya moja, zilizonunuliwa mahali panapojulikana. Kipande kidogo kibakizwe kwa viazi vitamu, magimbi na mboga, ili zao moja likianguka mengine yasimame.

Tano, ndipo uje mfuko wa mbolea, nao utiwe kwa kipimo karibu na shimo la mmea, wala usimwagwe ovyo juu ya ardhi.

Sita, turubai na mifuko ya kuhifadhia, vinunuliwe kabla ya mavuno.

Ndugu askari, usiseme kwamba mambo haya ni ya bwana shamba na mkulima tu. Wewe ndiwe unayetoa fedha, na neno lako husikika nyumbani. Ukienda likizo, usiulize tu ni mifuko mingapi iliyonunuliwa. Panda juu ya kilima baada ya mvua, utazame maji yanayotoka shambani mwako. Yakiwa mekundu, fedha yako inaondoka. Yakiwa safi, au yakiwa yamezama ardhini kabla ya kufika njiani, basi nunua mbolea bila wasiwasi, kwa maana ina mahali pa kukaa.